Nilipanda Newala kwa Wiki Chache

Nguo za kuingilia utawa nilikuwa nimekwisha kuzishona mwenyewe. Magauni mawili ya bluu, marefu, yenye kola ya kufunga shingo, na vitambaa vyeupe vya kichwa. Nilizishonea kwenye cherehani ya mama, barazani kwetu Lulindi, na kila jirani aliyepita alisimama kuzitazama kama watu wanavyotazama nguo za bibi harusi. Babu wa baba yangu alibatizwa na wamisionari. Babu yangu alipiga kengele ya kanisa mpaka macho yalipomwishia nuru. Baba alikuwa mwalimu wa kanisa, akazunguka vijiji kwa baiskeli hadi mauti yalipomkuta. Sasa binti wa nyumba hiyo angekuwa sista, na wazee waliona ni haki.

Nilikuwa nimesomea ualimu, nimefundisha kidogo Lupaso, na Mama Mkuu wa masista alikuwa ameniambia kwamba wana shule ya watoto wadogo inayosubiri mwalimu. Nilipokuwa nasali siku zile nilisali kama mtu anayeijua njia yote, mpaka mlango atakaoingilia.

Nilikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wangu. Alikuwa ameolewa Newala, huko juu. Alipanda kwenda kushona nguo kwa rafiki yake mwenye duka, akakutana na mkulima wa korosho, Mwislamu, mtu mpole asiyesema sana, akasilimu akaolewa naye. Baba hakugomba. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha siku moja akapanda baiskeli mpaka Masasi, akatafuta gari la Newala, akaenda kula chakula kwa mkwewe. Aliporudi alisema neno moja: "Wana kisima kizuri." Anayeijua Newala atajua hiyo ni sifa kubwa kiasi gani. Kule juu hakuna mto wala chemchemi ya karibu. Mwenye nyumba huchimba kisima, akakisakafia kwa sementi, akaelekeza mabati yake humo, akavuna mvua ya masika ili anywe kiangazi. Hata siku hizi, maji ya bomba yanapokuja na kukatika, kisima ndicho roho ya nyumba.

Dada alikuwa na tabia moja tangu utoto wetu. Akishika kazi ya mikono, kufua au kuchota maji, alivuma wimbo wa kanisani ambao baba alipenda kuuanzisha kwenye ibada za vijijini. Alivuma tu, bila maneno. Na hakuwahi kuumaliza. Kuna mahali wimbo ule unapanda juu. Akifika pale pumzi ilimkatika, akanyamaza kidogo, akaanza upya. Tukiwa wadogo nilikuwa nikimcheka. Hata alipokuwa Mwislamu, akija kututembelea, nilimsikia uani akivuma hivyo hivyo na kukatikia palepale.

Simu ilikuja mchana. Mimi na mama tulikuwa tunamenya muhogo. Mama aliweka simu sikioni, akasikiliza, akanipa mimi, mikono yake bado myeupe kwa muhogo. Nikasikia sauti ya shemeji.

"Mtoto yupo," alisema. "Mama yake hayupo."

Damu haikukatika, ndivyo tulivyoambiwa baadaye. Mtoto alikuwa wa kike, mzima, mwenye kilio kikubwa.

Tulipofika Newala siku iliyofuata, kaburi lilikwisha kufukiwa. Kwa dini ya mumewe maiti haisubiri, na sisi tulikuwa mbali. Mama alipiga magoti akaweka viganja vyake juu ya udongo ule mwekundu, kama mtu anayepima joto la mgonjwa. Mimi nilisimama. Sikuwa nimeiona sura ya dada ikiwa imefumba macho, na mpaka leo sijaiona. Watu husema kuuona mwili wa marehemu ni kazi ngumu, lakini asiyeuona hubaki na kazi nyingine isiyokwisha.

Mama yake shemeji alinijia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye chale za kale usoni, za Kimakonde, zilizofifia kwa uzee. Nikampa shikamoo. Alinitazama, akajifunika uso kwa kanga.

"Marahaba, mwanangu," alisema humo ndani ya kanga. "Umekuja na sura yake."

Tangu mtoto azaliwe kila mtu pale alimwita Bibi, nasi tukamwita hivyo.

Kwa upande wetu wa kusini mtoto ni wa ukoo wa mama. Hilo halina mjadala, uwe Mkristo au Mwislamu. Mjomba wetu, kaka yake mama, alisema kwa simu kwamba mtoto atashuka Lulindi. Lakini mtoto alikuwa ananyonya kwa dada yake shemeji, aliyekuwa na kichanga chake nyumba ya pili, na hatukuwa na wa kumnyonyesha kule chini. Mama akaniita pembeni.

"Wewe baki hapa wiki chache," alisema. "Akishika uji, teremka naye. Halafu nenda kwa masista wako."

Nilimpigia simu Mama Mkuu. Aliniambia, "Kaa na mtoto, mwanangu. Mlango huku hauna kufuli." Magauni ya bluu nilikuwa nimeyabeba kwenye begi. Sijui kwa nini niliyabeba msibani. Nadhani nilitaka yasibaki peke yake.

Ilikuwa majira ya baridi. Newala wakati huo ukungu hupanda kutoka bondeni asubuhi, ukakaa katikati ya nyumba hata usimwone jirani anapokohoa. Nilipewa chumba cha nyuma na mtoto. Asubuhi moja, nikiwa nambadilisha nepi, nilisikia ndoo ikigonga ukingo wa kisima, na mtu akivuma. Ulikuwa wimbo ule. Nilitabasamu, nikasema moyoni, kumbe dada alimfundisha mama mkwe wake. Wimbo ukapanda, ukafika pale, ukakatika. Kimya kidogo. Ukaanza upya.

Nilizoea kuusikia. Si kila siku. Hasa siku za ukungu mzito. Nikawa nausubiri.

Siku moja mimi na Bibi tulikuwa tumekaa jikoni tukipukuchua mbaazi kavu. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, maana ndani ya nyumba na kwa jirani walisema Kimakonde, nami sikukijua. Sisi kwetu tulisema Kimakua. Akaniambia bila kuinua uso:

"Mwalimu, nina ombi. Ule wimbo wako wa asubuhi usiuache. Nikiusikia napata nguvu ya kuamka."

"Wimbo gani, Bibi?"

"Ule unaouvuma kisimani."

"Bibi, mimi sijavuma wimbo. Nilidhani ni wewe."

Aliacha kupukuchua. "Mimi nyimbo zenu sizijui," alisema.

Tulikaa. Hakuna aliyesimama wala kukimbia. Yeye alianza kusoma dua kwa sauti ya chini, mimi nikafanya ishara ya msalaba, na mbaazi zikabaki kwenye ungo kati yetu. Shemeji alipoingia alituona tulivyo, akauliza kuna nini. Mama yake akamweleza. Alisimama mlangoni, mgongo umetugeukia.

"Mimi nausikia tangu arobaini haijafika," alisema. "Nilidhani ni akili yangu."

"Basi kifunikwe kisima," Bibi alisema. "Aitwe shehe asome."

"Shehe aje asome, ni vizuri. Lakini kisima sikifuniki. Kama ni yeye, ana haki ya maji."

Shehe alikuja akasoma, tukala wali. Wimbo haukuacha.

Sijui kilikuwa nini. Nimejieleza mengi: mwangwi wa kisima chenye maji nusu, upepo kwenye bomba la bati, majirani, huzuni ya watu watatu wanaoishi chini ya paa moja na kufikiri mtu mmoja. Yote yanawezekana. Nilichojua ni kwamba niliogopa, na siku wimbo usiposikika niliogopa zaidi.

Jumapili nilikwenda kanisani, na baada ya ibada nilizoea kutembea hadi ukingoni, mahali wenyeji wanapoita Shimo la Mungu. Nchi inakatika pale ghafla. Unasimama kwenye majani, mbele ya miguu yako kuna hewa tupu, na huko chini kabisa mabonde na misitu inakwenda hadi Ruvuma, na ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji. Watoto wa shule hupelekwa pale kufurahi. Mimi nilikwenda kugombana.

Nilisema kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu: "Nilikuuliza niende wapi, ukaniambia. Sasa hili nalo ni nini?"

Sikujibiwa. Nililelewa katika nyumba ambamo Mungu alikuwa kama mzee wa jirani. Unabisha hodi, anaitika. Imani yangu yote ilisimama juu ya kuitikiwa. Pale ukingoni nilijua kwa mara ya kwanza kwamba sijawahi kumwamini akiwa kimya. Nilirudi nyumbani bila amani yoyote, nikakuta mtoto ana homa, nikamkanda kwa kitambaa cha maji mpaka homa ikashuka. Kazi ndiyo iliyokuwepo. Amani nilikuwa nahadithiwa tu.

Mtoto alishika uji. Wiki zikawa miezi. Kila nilipopanga safari ya kushuka, jambo lilitokea: mtoto kuumwa, Bibi kuanguka na kuvunjika mkono, mvua kuharibu barabara ya mteremko. Kisha siku moja Mama Mkuu mwenyewe alifika. Alikuwa amepanda Newala kwa shughuli za kanisa, akaomba kuletwa nyumbani. Alikaa kwenye mkeka, akakataa kiti, akanyoosha mikono amchukue mtoto. Mtoto akamgeuzia kisogo, akanikumbatia shingo kwa nguvu mpaka nikakohoa.

Mama Mkuu alicheka, halafu akaacha kucheka. "Sitakuuliza tena utakuja lini," alisema.

"Mama, sijabadili nia."

"Najua. Nia yako sina shaka nayo. Lakini mimi ni mtu mzima, naona kilichoko mbele yangu."

Alipoondoka nilikasirika naye kwa siku kadhaa, kama kwamba ni yeye aliyenifukuza. Baadaye nililitoa gauni moja la bluu begini, nikalifumua mshono taratibu, nikamkatia mtoto nguo. La pili sikuligusa. Nikaomba kazi ya kufundisha shule ya msingi pale Newala, nikapata.

Watu walisubiri. Kwa mila, mwanamke akifa na mdogo wake yupo, hakuna anayeshangaa mdogo akiolewa pale. Shemeji alinitumia neno kwa heshima, kupitia kwa mama yake. Bibi aliniuliza tukiwa tunaanika mihogo, akaangalia upande ili nisione haya.

Nikamjibu, "Mwambie nashukuru, lakini hapana."

Jioni shemeji alinikuta uani. "Umekataa kwa ajili ya dini?"

"Dini ni sababu moja. Ya pili ni kwamba ukinitazama, anayeonekana siye mimi."

Aliinamisha kichwa. "Nisamehe, shemeji. Kuna siku nasahau." Mwaka ule, baada ya mauzo ya korosho, alinijengea chumba changu chenye mlango wa nje, na hakulitaja jambo lile tena. Tuliishi kama ndugu. Nilikuwa nikimheshimu kuliko wanaume wote niliowahi kuwafahamu.

Mtoto alipokuwa na umri wa kukimbia na kusema kila kitu, nilimkuta siku moja amechuchumaa karibu na kisima, anafua kitambaa cha mwanasesere wake kwenye kopo. Alikuwa anavuma. Wimbo ule. Ulipanda, ukakatika, akavuta pumzi, akaanza upya.

Mimi sikuwahi kuuimba wimbo ule ndani ya nyumba ile. Niliuogopa. Nikachuchumaa mbele yake.

"Nani kakufundisha huo?"

"Mama."

Mimi aliniita mama mdogo. Bibi yake alimwita Bibi. "Mama yupi?" nikauliza.

Alinitazama kama watoto wanavyomtazama mtu mzima anayeuliza jambo la wazi, akarudi kwenye kufua kwake. Labda aliusikia kama sisi tulivyousikia. Labda alisikia watu kanisani siku nilipopita naye, akajikatia mwenyewe. Lakini nilishindwa kuvumilia ukatikie pale tena. Nikamshika mkono, nikaimba. Niliimba na maneno, nikafika pale panapopanda, nikapita, nikaenda mpaka mwisho. Mtoto akajaribu, akaweza. Tuliimba pamoja mpaka akachoka.

Baada ya siku ile hatukuusikia tena kisimani. Ukungu ulikuja, ndoo zikagonga, lakini hakuvuma mtu. Ungedhani nilifurahi. Bibi alikaa siku nyingi bila kunisemesha vizuri, na mwishowe akaniambia, "Umemfukuza." Nilikuwa namkosa vilevile. Nilikwenda kanisani nikapiga magoti nyuma kabisa, nikamwombea dada apumzike, na papo hapo nikaomba arudi.

Shemeji naye akaondoka.

Bibi alikuwa na mdogo wake aliyeolewa ng'ambo ya Ruvuma. Wamakonde wako pande zote mbili, na mto haujawahi kuwa mpaka kwao. Watu walivuka kwa harusi na kwa misiba. Lakini ilifika miaka ambayo habari kutoka ng'ambo zilikuwa mbaya, za vijiji kuchomwa na watu kukimbilia porini. Mdogo wake Bibi hakupatikana kwa simu. Bibi aliacha kula. Shemeji alimwangalia mama yake kwa siku kadhaa, kisha akatangaza kwamba atakwenda kumchukua mama yake mdogo amlete.

Asubuhi aliyoondoka nilimkuta anafunga kamba za mfuko. Binti yake alikuwa shuleni.

"Mikorosho ya kule bondeni bado haijapulizwa salfa," aliniambia. "Nikirudi nitaanza nayo."

"Usikae."

"Nikae nifanye nini huko?"

Akamuaga mama yake, akashika njia ya mteremko. Simu yake iliita mpaka kesho yake, halafu ikaacha kuita. Wanaume wa mtaa walishuka hadi mtoni, wakauliza kila kivuko, wakarudi. Mmoja alisema kuna mtu alimwona akivuka. Mwingine alisema siye. Baada ya miezi, watu wachache waliokimbia walifika Newala na mabunda kichwani, nasi tulikwenda kuwauliza mmoja mmoja. Hakuna aliyemjua. Mdogo wake Bibi naye hakuonekana.

Shehe alikuja kwa upole, akasema iko sala ya maiti asiyekuwepo, na kwamba kuisali si kumkatia tamaa Mungu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shehe, nimekusikia," alisema. "Lakini mwanangu hasaliwi kwa kukisiwa."

Kila jioni alimpakulia chakula, akakifunika kwa kawa. Asubuhi alikimwagia kuku. Msimu wa kupuliza uliporudi nilimtafuta mtu wa bomba la kupulizia, akaingia shambani. Salfa, dawa ya mikorosho, ikiruka ni vumbi jeupe linalojaza shamba zima, unaona vivuli tu. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa shamba na yule binti, tukaona mwanamume anatoka ndani ya vumbi lile akija kwetu, mabega ya shemeji, mwendo wa shemeji. Binti akaniachia mkono akakimbia. Alifika karibu kabisa kabla yule mtu hajavua kitambaa chake usoni. Alikuwa mpulizaji wetu. Binti alisimama pale hakulia.

Hapo ndipo mjomba alipopanda kuja. Alikuja na gari la kukodi, amevaa suti yake ya kanisani, akakaa sebuleni na sisi sote tukakaa.

Alianza kwa pole, kisha akasema kilichomleta. Baba wa mtoto hayupo. Mtoto ni wa ukoo wetu, na shule nzuri ziko Masasi. Mama yako amezeeka, anataka kumwona mjukuu wake. "Na wewe," akaniambia, "umri wako bado. Nimekutana na masista. Wamesema wanakupokea hata leo."

Kila nilichopoteza kiliwekwa mbele yangu, kimefungwa vizuri. Niliyaona magauni ya bluu. Nikasahau kwamba moja nilikwisha kulikata.

Bibi aliongea kwa sauti yake ya taratibu. "Nendeni. Mtoto ni wenu, sina neno. Mimi sitaondoka. Mwanangu akija lazima amkute mtu." Akainuka, akaenda jikoni, tukasikia anavunja kuni.

Nilimwomba mjomba anipe nafasi mpaka alasiri, nikaenda zangu shambani. Sikwenda ukingoni. Sikuwa na hamu tena ya kugombana na hewa. Nilitembea kati ya mikorosho, nikasema tu, "Baba, nipo," nikanyamaza, naye akanyamaza. Mabibo yalikuwa yameanza kudondoka na nyuki walikuwa wengi. Nilijikuta nafikiri kwamba kamba ya kisima imechakaa, na inafaa nitafute nyingine kabla ya masika, maana Bibi akivuta hii itamwangusha. Kisha nikafikiri kwamba mti ule wa pembeni umezeeka, mwakani tupande mche mwingine. Nilikuwa nimefika karibu na nyumba nilipotambua ninachokifanya. Mtu anayeondoka hawazi kamba ya kisima.

Si sauti kutoka mbinguni. Sijapata sauti mpaka leo. Lakini nilijua, nami nililia kidogo nyuma ya choo, kwa sababu nililijua jambo ambalo sikulitaka.

Mjomba hakufurahi. "Unabaki hapa kwa ajili ya nani?" aliuliza. "Marehemu dada yako, au huyo aliyepotea? Nyumba hii ina wasiokuwepo wengi kuliko waliopo."

"Ndiyo, mjomba. Ndiyo maana siwezi kumwachia Bibi peke yake."

"Na Mungu aliyekuita kwenye utawa?"

"Yeye anajua nilipo."

Nadhani alitaka kukasirika akashindwa. Akamwita yule binti, akamuuliza yeye anatakaje, na binti akasema anataka kukaa na Bibi. Mjomba akaomba maji ya kunywa, akanywa, akatubariki sote, hata Bibi akamwekea mkono kichwani. Kisha akateremka zake.

Yule binti sasa yuko sekondari, bweni, Masasi. Nilimpeleka mwenyewe mwanzo wa muhula, tukapita Mkomaindo, pale pale mjini, kununua ndoo na godoro. Anafunga Ramadhani, anaswali, na akienda likizo Lulindi anakaa na mama yangu na kuimba naye nyimbo zote za baba. Mama anasema sauti yake si ya dada. Ni ya kwake mwenyewe, nzito kidogo. Nimefurahi kusikia hivyo.

Tumebaki wawili, mimi na Bibi, na umri umeanza kumchukua kumbukumbu. Anasahau kwamba amekula. Chakula cha mwanawe hajawahi kukisahau. Hivi karibuni nilimletea uji chumbani, ukungu ukiwa bado umefunga dirisha, akanitazama kwa furaha ambayo sijaiona usoni mwake kwa miaka mingi.

"Mkwe wangu," aliniita.

Nilisimama na bakuli. Hajawahi kuniita hivyo. Mkwe wake alikuwa mmoja.

"Abee, mama," nikaitika.

"Mtoto kazaliwa salama?"

"Salama, mama."

"Na wewe umepona?"

Nililiweka bakuli chini. Ningeweza kumrekebisha. Shuleni hiyo ndiyo kazi yangu, kurekebisha watu. "Nimepona," nikasema.

"Alhamdulillahi." Akavuta shuka. "Na yule mdogo wako aliyekuja kukusaidia? Amekwisha kurudi kwao?"

"Bado yupo."

"Mwambie akae kidogo. Asiondoke haraka." Akafikiri. "Anasali sana yule. Nyumba inahitaji mtu wa kusali."

Nilimnywesha uji kijiko kwa kijiko. Alipomaliza aliomba maji ya kutawadha, ingawa wakati wa sala ulikuwa bado. Nilimletea maji ya vuguvugu kwenye birika na beseni, nikamwinua akae kitandani, nikammiminia mikononi, kisha nikamwosha miguu kwa kuwa hawezi tena kuinama. Vidole vyake vilikuwa baridi. Nilivishika ndani ya taulo mpaka vikapata joto, na yeye muda wote huo alikuwa ananisimulia, kwa Kimakonde ambacho sasa nakielewa, habari za mwanawe alipokuwa mdogo na mkaidi, hataki kuvaa viatu.